Posa ya Mtani

Wateja wa Benedikta walikuja kwa ajili ya maharage, wakarudi kwa ajili ya matusi. Alipika Mtaa wa Tandamti, ubavuni mwa soko la Kariakoo, chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo ya umeme, na mimi niliuza ndizi za Moshi hapo hapo pembeni ya meko yake. Wapagazi wa shimoni, kule chini ya soko kunakoshushwa mizigo, walipanda mchana wakiwa na njaa ya kula mawe. Mwaka ule, wa pili tangu vijana warudi kutoka vita vya Kagera, mchele ulikuwa wa kusikia, sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, na ugali ulikuwa wa ule unga wa msaada wa rangi ya njano ambao mji mzima uliuita yanga, kwa kuwa ulifanana na jezi za timu. Mtu akikunja uso, Benedikta alimjibu, "Hutaki Yanga? Nenda ukapikiwe Simba." Benchi zima linacheka, aliyekunja uso anakula mpaka anaramba vidole.

Mimi nilimjua kabla hajawa na mdomo huo.

Alikuja mjini kutoka Songea akiwa msichana mkimya, akaletwa na shangazi yake Angelina aliyepanga chumba Mtaa wa Mchikichi, nyumba moja na mimi. Tulikuwa wapangaji wa makabila yote, ua mmoja, choo kimoja, kamba moja ya kuanikia. Benedikta alikuwa wa kuamka, kufagia, kumsaidia shangazi yake kupika, na kulala. Kisha akatokea Pius, dereva wa lori la kutoa shehena bandarini, mwanamume mwenye shati la kupigwa pasi hata siku ya kazi. Mimi Pius sikumwamini, si kwa sababu ya uchawi wowote. Ni kwamba hakuwahi kushindania bei. Ukimtajia bei ya mkungu wa ndizi anakubali. Mtu asiyebisha bei ama hana shida na pesa, ama hana nia ya kulipa.

Lakini alikuja kwa shangazi, akaleta wazee, wakaenda kwa Padri. Kanisani kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye pingamizi aseme. Ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu, Padri alipomaliza kusoma majina, mwanamke mmoja akasimama viti vya nyuma akiwa na mtoto mgongoni.

"Ndoa hiyo haiwezekani, Padri," akasema. Hakupaza sauti. "Huyo ni mume wangu. Tulifunga Mahenge, na cheti ninacho."

Pius alitoka kwa mlango wa ubavuni. Hatukumwona tena. Benedikta alibaki amesimama kwenye gauni la buluu alilolishona kwa ajili ya kusikia jina lake, watu wamegeuza shingo, kwaya haijui ianze au isianze. Tukarudi kwa miguu hadi Mchikichi. Hakulia njiani. Hakulia nyumbani. Nilimwambia "pole", akaniangalia kama niliyemwomba hela.

Kilichomuumiza kilikuja baadaye. Wanawake wa sokoni walikuwa wakipiga soga, yeye akipita wananyamaza. Akifika mbali kidogo wanaendelea. Mtu akikucheka unaweza kumjibu, akikunyamazia umekwisha. Basi siku moja, shangazi yake akiwa mgonjwa na yeye ndiye mwenye mwiko, wapagazi wamekaa kimya wakimwonea huruma, akagonga sufuria na kupayuka, "Karibuni, karibuni! Chakula cha bibi harusi aliyebaki na sahani zake! Kuleni, la sivyo nitaolewa na maharage!" Watu wakakohoa ugali kwa kicheko. Toka siku hiyo aliwahi yeye kujicheka kabla hajachekwa, na kila mwanamume aliyeleta macho alipigwa neno moja akarudi alikotoka. Ikawa biashara nzuri. Ikawa pia ukuta, na mimi nikasema ni sawa. Mjini mtu hawezi kuishi bila ukuta.

Kisha akaja Anselmi.

Anselmi alikuwa fundi bati kule Gerezani, mtaa wa mafundi. Alifua majiko, makarai na koroboi kwa mapipa na mabati chakavu, mikono imejaa makovu madogo madogo. Mtu mrefu, mpole, Mhehe wa Iringa. Mke wake alikuwa amefariki huko kwao akijifungua, na mtoto pia. Hayo tulikuja kuyajua baadaye. Siku ya kwanza alisimama mbele ya turubai akanusa.

"Nani anapika hapa? Harufu ya Kingoni naisikia toka Gerezani."

Benedikta hakuinua kichwa. "Na wewe Mhehe umefuata nini? Huyo mbwa hapo nje ana mwenyewe, si kitoweo, usimtazame hivyo."

"Mateka hamjibu bwana wake. Babu yangu alimfunga babu yako kamba shingoni."

"Babu yako alikimbia mpaka akaangusha mkuki. Tunao mpaka leo, mama yangu anachochea moto nao."

"Basi mke wangu, nipakulie."

"Kaa chini, mume wangu. Mkono wa kushoto ni wa kunawia, wa kulia ni wa kulia chakula. Kwenu hamjui."

Asiye wa nchi hii angedhani wanataka kupigana. Lakini Wangoni na Wahehe ni watani. Mababu zao walichinjana, wakazikana, wakapatana, na wajukuu wakabakiwa na haki ya kutukanana mpaka mwisho wa dunia. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake, mke wake, mzoga wake. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku, ukabaki kucheka. Sheria ni moja tu, na hiyo haivunjwi: mtani hakasiriki. Akikasirika ameaibisha ukoo mzima.

Anselmi akawa anakula pale kila siku ya kazi. Na kwa haki hiyo ya utani, alikuwa mwizi. Leo anaondoka na sufuria, kesho na kibao cha mbuzi, siku nyingine jiko zima kichwani, mchana kweupe, huku Benedikta akimfukuza na mwiko na wapagazi wakimpigia makofi. Baada ya siku mbili tatu anakirudisha. Sufuria iliyokuwa ikivuja ina kitako kipya. Mbuzi iliyolegea meno imekazwa. Jiko lililotoboka limevikwa bati.

"Mwizi karudi," Benedikta anasema. "Polisi wako wapi?"

"Mali ya mateka ni mali yangu, mke wangu. Siibi, nahamisha."

Mimi ni mtu wa biashara. Mtu akichukua kibovu akarudisha kizima asidai kitu, ama ni mjinga ama anataka kitu kikubwa zaidi. Na Anselmi hakuwa mjinga. Nikaona tena jambo la pili: Benedikta alianza kuviweka vitu vilivyovunjika mwisho wa benchi, upande ule fundi anaokaa. Nikamuuliza, "Mbona kikaango kizima kiko ndani na kibovu kiko nje?" Akanijibu, "Mama Elisaria, uza ndizi zako."

Ulikuwa mpango mzuri kwa wote wawili. Yeye alipata mwanamume wa kumwita mume kila mchana, asiyeweza kumwaibisha kanisani kwa kuwa wote walijua ni mchezo. Na fundi alipata mahali pa kusema "mke wangu" bila kuanza kumlilia marehemu. Tatizo la mpango wa namna hiyo ni kwamba hauna mlango. Unaingia, lakini kutoka hujui unatokea wapi.

Shangazi Angelina alifariki mwishoni mwa mvua za vuli. Matanga yalikaa uani kwetu, na Wahehe wa Gerezani wakaja, kama watani wanavyopaswa. Anselmi akavaa kitenge cha marehemu na kilemba chake, akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kutukaripia sote kwa sauti ya marehemu hasa: "Nani kamaliza maji ya pipa? Mama Elisaria, maganda yako hayo! Na wewe Benedikta, nimekufa nakuacha unazeeka, utaolewa lini?" Waombolezaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Benedikta alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, ndiyo mara ya kwanza kumwona analia, na kwenye msiba wenye watani hakuna anayeuliza machozi ya nini. Kisha mafundi wawili wenzake Anselmi wakamfunga Benedikta kwa upande wa kanga kiunoni, wakamzungusha uani wakitangaza kwamba Wahehe wamekuja kuchukua mateka wao, nao hawakumwachia mpaka wanawake walipolipa fidia ya maembe mabichi.

Nayasimulia hayo kwa sababu ndiyo yaliyoharibu mambo.

Baada ya msiba Benedikta alibaki peke yake chumbani. Siku moja wateja wamekwisha, Anselmi alikawia kwenye benchi, akaanza kueleza jinsi alivyombeba mkewe kwa machela mpaka barabarani, na jinsi gari lilivyokawia. Alieleza kwa sauti ya kawaida, hakuna mateka wala babu. Benedikta alikuwa akisugua sufuria. Aliacha kusugua. Nilimwona midomo inatafuta, na kilichotoka ni kile alichokizoea:

"Ulimchosha kwa hadithi zako, maskini, akaona bora atangulie."

Anselmi akacheka. Mtani hakasiriki. Lakini alikunja mikono ya shati lake polepole, akaaga.

Wiki chache mbele, akiwa anakula mbele ya watu wote, akasema, "Mke wangu, Jumapili nakuja na wazee wangu. Jiandae."

"Njooni na kamba ndefu," Benedikta akasema. "Ile ya msibani ilikuwa fupi."

Benchi likacheka. Anselmi akatikisa kichwa kama mtu aliyekubaliana bei, akamalizia ugali wake.

Jumapili ile tulikuwa uani tunapeta maharage, wanawake wa nyumba nzima. Jua la Februari lilikuwa kali. Hodi ikabishwa. Akaingia Anselmi amevaa koti. Nyuma yake wale wale mafundi wawili wa msibani, kwa kuwa mjini hakuwa na ndugu wengine, na mbele yao mzee mmoja mwenye kofia na fimbo, Mzee Eliasi, mkubwa wa Wahehe wa Gerezani. Mmoja wa mafundi alishika kitu kilichofungwa kwa kaniki mpya.

Wanawake walipowaona wale wawili wakaanza kuguna na kucheka. "Wamerudi! Wezi wa mateka wamerudi!"

"Shikamoo, mzee," mimi nikamsalimia.

"Marahaba," akajibu Mzee Eliasi. Akavua kofia. Akasema kwa utulivu, "Sisi ni wapita njia. Tumeona hapa kuna shamba zuri, halina mlimaji. Tumekuja kuuliza kwa mwenyewe, kama tunaweza kupewa." Fundi akafungua kaniki. Lilikuwa jembe jipya, halina mpini, limefuliwa kwa mkono, limesuguliwa mpaka linaonyesha uso. Kwao, na kwa wengi wa kusini, jembe ndilo hufungua mdomo wa posa.

Benedikta akainuka, ungo mkononi, uso unameta. Siku hiyo alikuwa mzuri, lazima niseme.

"Shamba hili lina nyoka, baba! Mlimaji wa mwisho alikimbilia Mahenge!"

Vigelegele. Mwanamke mmoja akawamwagia Wahehe maji ya kuoshea dagaa miguuni. Kwenye utani hutupwa unga, lakini unga mwaka ule nani angeutupa? Wakachota majivu mekoni. Majivu yakamwangukia Anselmi kichwani, yakamwangukia Mzee Eliasi kwenye mabega. Benedikta akalinyakua lile jembe, akaliinua juu kama kombe.

"Wahehe wametuletea zana! Si mlisikia redioni, kilimo cha kufa na kupona? Sabaha, wewe si unalima mchicha bonde la Jangwani? Chukua!" Akamkabidhi Sabaha, jirani yetu wa chumba cha mbele, naye akatoka nalo mbio, akishangiliwa.

Anselmi alicheka. Nilikuwa karibu naye, nilimwona. Alicheka kama watu wanavyocheka, meno nje, kisha akatoa leso akaanza kumfuta mzee majivu begani, taratibu, akirudia mahali pale pale. Mzee Eliasi hakucheka. Alivaa kofia yake.

"Asanteni," akasema. "Jibu tumelipata."

Jioni, Benedikta akiwa bado anarudiarudia kuchekesha wenzake, nikamwita kando.

"Wale hawakuja kutania."

"Nani kasema?"

"Koti limesema. Mtu hatoi koti la sufu sandukuni jua la Februari ili amwagiwe maji ya dagaa."

"Msibani walikuja."

"Msibani Mzee Eliasi hakuwepo. Na lile jembe hakuliokota, alilifua."

Akakaa kwenye kigoda. Akaokota punje ya maharage chini, akaigeuza, akaitupa.

"Alisema mbele ya watu wote akiwa na tonge mdomoni, Mama Elisaria. Ningejuaje?"

"Sasa umejua. Mwendee."

"Na kama ni utani? Nimwendee Gerezani, nimwambie nilidhani kweli unanitaka, halafu wapige makarai na kucheka? Kariakoo yote isikie kwamba yule wa kanisani sasa anaposa wanaume mwenyewe? Akija kula kesho nitamwangalia macho. Nitajua."

Sikumbembeleza. Mimi bei naitaja mara moja.

Hakuja kesho yake. Hakuja wiki ile. Benedikta aliweka kikaango kilichotoboka mwisho wa benchi. Kikakaa hapo mpaka mbuzi wa mtaani akakilamba. Aliongeza sufuria isiyo na mkono. Wapagazi wakauliza, "Mama, hii karakana au hoteli?" Alikuwa bado anatukana watu, lakini alitukana kama anayesoma. Akisikia hatua nzito nyuma ya turubai aliacha mwiko ndani ya chungu. Usiku sijui alifanya nini. Asubuhi macho yalikuwa kama ya mpika vitunguu, na vitunguu vilikuwa adimu.

Nilijua anachopigania moyoni. Ukimya wake ungemlinda na kicheko, lakini ungemgharimu yule mtu. Na kila siku aliyongoja, gharama ilipanda. Mimi nauza ndizi: ndizi iliyoiva leo, ukisema utaiuza wiki ijayo, utawauzia nzi.

Aliyetuletea habari ni mmoja wa wale mafundi wawili. Alikuja kula, akaona aibu kukaa, akala amesimama. Benedikta akamuuliza bila kumtazama, "Bwana wako amekatwa miguu?"

"Fundi anaondoka," kijana akasema. "Jumamosi. Kijiji cha huko kwao kimepata karakana, wanataka mtu wa kufua majembe."

Benedikta akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya. Akamwita Sabaha amshikie mwiko. Sabaha aliposikia safari ni ya wapi akataka kwenda kumletea lile jembe, lakini lilikuwa limeshatiwa mpini na kutoboa udongo wa Jangwani. Jembe lililolima si la posa tena. Benedikta akanigeukia.

"Nisindikize. Nikichekwa, nataka mtu wa kurudi naye."

Gerezani unaisikia kabla hujaiona. Nyundo juu ya bati, mia moja kwa pamoja. Walipomwona yule Mngoni wao anakuja, nyundo zikaacha kazi zikaanza ngoma.

"Mateka kajileta mwenyewe!"

"Kamba iko wapi? Fungeni geti!"

"Fundi, mke wako kafuata jembe la pili!"

Wakagonga makarai, wakagonga mapipa. Benedikta alisimama katikati ya ile kelele mikono imeshikana mbele, na hakujibu neno. Walingoja awatukane, hawakupata. Mmoja akaacha kugonga, kisha mwingine. Mtani asiyejibu ni kitu cha kutisha kidogo. Mwisho ikabaki nyundo moja tu, ya Anselmi, aliyekuwa amechuchumaa anakunja ukingo wa karai na hakuinua kichwa.

"Anselmi," akasema Benedikta. "Ile Jumapili ulikuja kweli, au ulikuja kutania?"

"Mtani, wewe ungependa iwe ipi?"

"Usiniite mtani."

Nyundo ikaacha. Akainuka. Alimtazama muda mrefu, kama anayetafuta mahali kicheko kilipojificha.

"Nilikuja kweli," akasema. "Nilikwambia mapema."

"Uliniambia una tonge mdomoni!"

"Ningekwambiaje? Kila nikifungua mdomo unacheka. Nilikwambia habari za marehemu mke wangu, ukacheka."

"Nilikuwa nacheka ili usiondoke," Benedikta akasema. "Nikiacha kucheka nawaona watu wote wa kanisani wamegeuka. Nilidhani ukijua sichezi, utatoka mlango wa ubavuni."

Mafundi wale walikuwa watu wazima, wenye wake zao, wakaanza kutazama vidole vya miguu.

"Basi niulize tena," akasema Benedikta. "Hapa hapa. Hawa wote wasikie, wacheke wakitaka. Niulize, nitakujibu kama mtu."

Uso wa Anselmi ulifanya kitu ambacho sikipendi kukumbuka. Kwanza ulifunguka. Halafu ukafungwa.

"Siwezi," akasema.

"Kwa nini?"

"Nilitoka pale na majivu kichwani. Mzee Eliasi akasema, mwanangu, nyumbani kuna mjane, mume wake alibaki Uganda vitani, ana watoto wawili, wazazi wako walishakutajia na wewe ukakataa. Sasa unakataa kwa ajili ya nani? Nikaona kweli, kwa ajili ya nani. Nikatuma neno kwamba nimekubali." Akajifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. "Wazazi wangu wamekwenda kwao na posa. Amepokea."

"Anaitwa nani?"

"Selina."

"Anakungoja?"

"Ananingoja. Ameshawaambia watoto."

Hapo nilifungua mdomo. Maana mimi najua biashara isiyofikishiwa mzigo inavunjika: unarudisha kilichotolewa, unalipa faini kwa wazee, unaomba radhi, dunia inaendelea. Watu wamevunja makubwa kuliko hayo. Na yule mwanamume alikuwa amesimama pale anangoja mtu amwambie hivyo. Neno moja la Benedikta lingetosha, nilimwona, angelirukia. Lakini Benedikta alinishika mkono akanibana mpaka kucha zikaingia.

"Usiseme, Mama Elisaria." Akamgeukia. "Nenda. Mimi sitakuwa yule mwanamke anayefanya mwenzake anyamaziwe na kijiji kizima. Nenda, na usimwambie habari zangu, hata kwa mzaha."

"Benedikta..."

"Ulilifua jembe zuri," akasema. "Nililiona. Nililiona siku ile ile."

Akageuka. Tukaondoka, na nyuma yetu zile nyundo zilichelewa sana kuanza.

Tulipofika barabara ya Msimbazi akaanza kulia. Si kulia kwa kujificha na upande wa kanga. Alilia akitembea, mchana, uso wazi, mbele ya mabasi ya UDA na foleni ya sabuni na wauza kahawa. Watu walitupisha. Niliwaza, kesho Kariakoo nzima itajua, na nikawaza pia kwamba yeye analijua hilo vizuri kuliko mimi, na hajali. Mpagazi mmoja mteja wake, mwenye gunia la nazi kichwani, akasimama akashtuka.

"Mama, nani amekufa?"

"Hajafa mtu," Benedikta akasema. "Nimempoteza mwanamume aliyekuwa ananipenda."

Yule mtu alitafuta mzaha wa kumjibu, kwa kuwa ndivyo walivyozoeana. Aliutafuta kweli, gunia likayumba. Akaukosa.

"Pole sana, mama," akasema.

Nikangoja apigwe neno. Toka ile siku ya kanisani, kila aliyempa pole aliondoka na tusi.

"Asante," akasema Benedikta. "Asante, kaka yangu. Imeniuma."

Tukafika Tandamti. Sabaha alikuwa amenogewa na soga, maharage yameshika chini na moshi umejaa turubai. Wapagazi walikuwa wameshakaa, wana njaa. Benedikta akanawa uso kwenye ndoo, akapakua yale ya juu, tukayauza hivyo hivyo. Waliolalamika kuhusu harufu ya kuungua hakuwatukana. Aliwaongezea ugali.